Chupa ya Posa Ilikuja Imefunguliwa

Wiki iliyopita mliniacha jikoni kwa Benadetha, kule Lanham, nimeshika mfupa wa bata, na mwenye jiko amesimama mlangoni ananitazama.

Kama ndiyo kwanza unaingia kwenye mkasa huu, mimi ni Flaviana, Mchaga wa Kibosho, natunza wazee majumbani kwao huku Maryland. Nimeshachumbiwa mara mbili, na mara zote mbili nikaachwa na sare za harusi zimeshashonwa. Wa kwanza, Gitau, alikuwa na mke Baltimore. Wa pili simtaji, nisije nikaharibu siku yangu na yako.

Huyu wa sasa ni Dunstan, Mhaya wa Bukoba. Aliishi Ufaransa miaka mingi akivuna zabibu, siku hizi anauzia migahawa ya D.C. divai. Na Benadetha ndiye shoga yangu wa kufa na kuzikana. Tulipokuja nchi hii tuliishi chumba kimoja Laurel, tukiazimana mpaka viatu.

Sasa turudi jikoni. Mfupa ule haukuwa wa kuku. Nimekulia kwenye mji wenye bata, paja la bata nalijua. Na Benadetha ninayemjua mimi hali bata, anasema bata anakula matope.

"Umeanza lini kula bata?" nikamuuliza.

"Mimi? Bata?" Akacheka. "Ni wa yule bibi ninayemtunza Bethesda. Amezaliwa Ufaransa, mwaya. Mwanawe alimletea, wakanifungashia. Nimeonja tu nikatupa."

"Na haya maharage meupe?"

"Nayo ya bibi. Flaviana, umekuwa polisi?"

Jibu lilikuja haraka mno, lakini niliuweka ule mfupa chini. Nikamsaidia kuosha vyombo, nikaenda zangu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi nyoka wangu wote walikuwa wanaume. Shoga hakuwa kwenye hesabu.

Niliyemshuku ni Dunstan. Simu yake anailaza kifudifudi. Jumapili mchana hapatikani, eti anawaonjesha wateja divai. Wateja gani hao wa Jumapili? Nikampa Benadetha dukuduku langu lote, na yeye akanituliza.

"Mwanaume wa biashara ndivyo alivyo. Usije ukamchosha kwa wivu, huyu naye akakimbia."

Akaniambia hivyo huku ananisuka nywele. Na mimi nikamshukuru, jamani. Nilimshukuru kwa mdomo wangu.

Lazima nikurudishe nyuma kidogo, kwa sababu bila chupa hii hutanielewa.

Mwanzoni mwa uchumba wetu Dunstan alinikaribisha kwake, akanimiminia divai nyekundu karibu na nyeusi.

"Inaandikwa Cahors, inatamkwa Kaoo," akasema. "Usiniulize kwa nini, Wafaransa ndivyo walivyo. Ni mji wa kusini-magharibi. Kuna mto unaitwa Lot, unajipinda mpaka unakaribia kukutana na wenyewe. Mizabibu iko kwenye bonde la mto huo, na juu kwenye vilima vya mawe ya chokaa. Zabibu yake ni malbeki. Zamani watu waliiita divai nyeusi."

Nikaonja. Ulimi ukanikauka kama nimetafuna ndizi mbichi.

"Mbona kali hivi?"

"Haitaki kunywewa peke yake, mpenzi. Inataka mafuta. Bata aliyepikwa polepole ndani ya mafuta yake mwenyewe, na maharage meupe pembeni. Ukila vile, ukali wote unalainika. Ukiinywa na samaki umeitukana."

Kisha akafungua kabati, akanionyesha chupa nyingine iliyolazwa ndani ya sanduku la mbao.

"Hii nilipewa na mzee niliyemvunia zabibu siku naondoka. Iko moja tu. Nimeilaza nikisubiri siku ya kukuposa. Haitagusa mdomo wa mtu mwingine kabla ya wako na wa wazee wako."

Nililia siku ile. Mwanaume kunitunzia kitu, kwangu ilikuwa habari mpya.

Sasa posa yenyewe. Kwa baba mdogo wangu Gregori, kule Germantown, posa bila mbege, pombe yetu ya ndizi, haipo. Ila mbege ya Maryland ni mtihani. Mwaka jana aliipika gereji, ndizi zikachacha vibaya, jirani akadhani kuna bomba limepasuka akaita zimamoto. Mama mdogo Bilha, ambaye ni Mkenya na hana huruma na mila za watu, akaapa hataki kuona sufuria lile tena.

Ndipo baba mdogo akakubali divai ishike nafasi ya mbege.

"Lakini masharti ya mbege yanabaki," akasema. "Aliyeleta anaonja kwanza mbele ya watu, tujue hakutuletea sumu. Halafu binti. Binti akimeza, amekubali, ananiletea glasi nami ninywe. Akitema, kila mtu achukue koti lake aende kwake."

Dunstan akasema hana neno.

Yeye hana ndugu upande huu wa bahari, na posa inataka mshenga. Nani alimtafutia mshenga? Mimi. Nilimwomba Benadetha asimame upande wake. Nilimpigia magoti kabisa.

"Sina hata mazoea naye," akasema Benadetha. "Sijawahi kufika kwake."

"Mtapanga kwa simu."

"Haya, kwa ajili yako."

Jumamosi mchana ikafika. Mbuzi anachomwa veranda ya nyuma, moshi unaingia mpaka sebuleni. Mama yangu yuko Kibosho, kule usiku umeshaingia, lakini amekataa kulala. Mama mdogo Bilha ameisimamisha simu juu ya meza, ameiegemeza kwenye hotipoti, na mama anaonekana paji la uso na nusu ya kilemba.

"Mnanisikia?" mama anauliza kila baada ya muda.

"Tunakusikia, mama."

"Huyo mwanaume amefika?"

"Bado."

"Mh," akasema mama.

Benadetha alikuja mapema, kitenge kipya, mikono mitupu. Mama mdogo Bilha akamwangalia mikono, akamwangalia nyuma yake.

"Na juisi iko wapi?"

"Juisi gani, mama?"

"Wee, usinichezee. Hakuna sherehe ya Watanzania kutoka Laurel mpaka hapa bila juisi yako ya rozela. Mimi nimekunja tumbo tangu jana nikiingojea."

"Maua yaliniisha," Benadetha akasema, akaenda kukaa.

Nikajiuliza. Yale maua makavu ya rozela anayanunua kwenye duka la Wasalvador karibu na kwake, gunia zima, na hata siku ile ya bata niliona mfuko umejaa juu ya friji. Lakini mchumba wangu alikuwa hajafika, roho iko juu, nani ana muda wa kuhesabu maua ya watu.

Dunstan akaingia na suti ya kijivu.

"Shikamooni. Samahani, foleni ya barabara ya 270."

"Marahaba, nshomile, msomi wetu," baba mdogo akamjibu. "Mhaya kuchelewa ni lazima, asipochelewa nani atamwona akiingia?"

Watu wakacheka. Dunstan akasalimia mkono kila mtu. Alipofika kwa Benadetha alimpa ncha za vidole tu, akasema, "Mshenga, asante kwa kuja," kama anaongea na karani wa benki. Nikaona hilo nalo. Mtu anayetaka kukuposea mke, hata hutabasamu naye?

Akakaa, akafungua begi, akatoa chupa. Ndiyo ileile, karatasi yake ya zamani imeliwa kona na unyevu. Moyo wangu ukatulia. Halafu nikaona kizibo kimesimama nusu nje.

Baba mdogo naye aliona.

"Mbona imefunguliwa?"

"Baba, divai ya namna hii lazima ipumue. Nimeifungua asubuhi ipate hewa."

"Ipumue? Ina pumu?"

"Wacha, mzee," mama mdogo Bilha akasema. "Hata mimi nimeona hiyo kwa TV. Ati ina-breathe. Wazungu huiacha wazi kwanza."

"Wazungu wafanye kwao. Sisi kinywaji kilichofunguliwa njiani hakivuki kizingiti."

Kwenye simu mama akauliza, "Kuna nini? Nani kafungua nini?"

"Baba," Dunstan akasema taratibu, "nikiifungua hapa na kumimina papo hapo, itawachoma ulimi, mtasema nimewaletea siki. Na mimi ndiye nitakayeonja wa kwanza. Kama ina ubaya, utaanza na mimi."

Baba mdogo akamnyooshea kidole.

"Basi utaonja, na utameza."

"Nitameza. Na jambo moja, Flaviana." Akanigeukia. "Usitegemee ule ukali ulioonja kwangu. Divai ikikaa miaka inalainika. Unaweza hata kukuta viungo ndani yake."

Mimi sikuwa nimemuuliza. Mtu akinijibu swali ambalo sijauliza, huwa namwangalia tena kuanzia viatu. Nikamwangalia. Viatu vilikuwa visafi.

"Na inaliwa na nini hii?" baba mdogo akauliza, naye sasa anataka kuonekana mtu wa dunia. "Maana hapa kuna mbuzi."

"Mbuzi inamkubali, hasa akiwa na mafuta. Kondoo pia. Lakini wenyewe watu wa Cahors watakwambia rafiki yake wa kwanza ni bata."

Aliposema bata, Benadetha alishika ncha ya kitenge chake akaanza kuikunja na kuikunjua.

Niliona. Nikaamua kuuliza kwa sauti ya kawaida, ya kupitisha muda tu.

"Benadetha, yule bibi yako wa Bethesda si ni wa hukohuko Ufaransa? Mwambie Dunstan, labda wanatoka mji mmoja."

"Bibi gani?" akauliza Dunstan.

"Wa kazini tu," akasema Benadetha. "Tuendelee na shughuli jamani, mama kule analala."

"Silali," mama akasema kwenye simu.

Mama mdogo Bilha alikuwa anapanga glasi. Yeye na Benadetha wanatumwa kazi na ofisi moja, zamu zao anazijua.

"Bibi Mfaransa wa Bethesda?" akasema bila hata kuinua kichwa. "Si huyo walimpeleka California kwa mtoto wake kabla ya Pasaka? Mimi ndiye nilimfungia masanduku."

Na sasa tuko Septemba.

"Ni mwingine," Benadetha akasema.

"Ofisi yetu ina Mfaransa mwingine? Aki mimi sijui."

"Ni mwingine, mama."

Baba mdogo akapiga magoti yake kwa viganja. Hakuwa na habari na mabibi wa Bethesda, mbuzi alikuwa anaungua.

"Mimina, Dunstan."

Dunstan akamimina. Ilikuwa nyekundu ya kukolea, inapendeza. Akaizungusha ndani ya glasi, akanusa, akafumba macho, akanywa. Nikaona koo lake likipanda na kushuka.

"Plamu," akasema. "Udongo uliopigwa na mvua. Na kwa mbali, tumbaku."

"Sasa udongo ndiyo sifa?" baba mdogo akauliza, lakini uso ulikuwa umelainika. "Haya. Kameza na hajafa. Binti yangu, zamu yako."

Mama mdogo Bilha akaigeuza simu inikabili. Mama akasogea, sasa nikamwona macho yote mawili. Amezeeka mama yangu. Tangu posa yangu ya pili ivunjike hajaenda kwenye kikundi cha akina mama pale parokiani, kwa sababu kila akienda wanamuuliza harusi ya Marekani ni lini.

"Flaviana, mwanangu."

"Naam, mama."

"Nataka nikuone kwa macho yangu ukimeza. Halafu nikalale."

Dunstan akamimina kwenye glasi nyingine, akanikabidhi kwa mikono miwili. Vidole vyake vilikuwa baridi. Nikasema moyoni, Flaviana, acha ujinga, utazeeka unanusa watu. Mwanaume kaja, wazee wamekaa, mama anasubiri. Kunywa.

Nikajaza mdomo.

Kwanza ilikuja divai. Nikasubiri ulimi ukauke, nikaisubiri ile ndizi mbichi, hata kidogo, maana kulainika siyo kuisha. Haikuja. Badala yake ukaja uchachu, kisha iliki. Chini kabisa, mwisho wa ulimi, ikaja tangawizi. Si tangawizi hivihivi. Ilikuwa tangawizi iliyochomwa.

Hapa ndipo nilipoganda.

Kila mtu anatia tangawizi kwenye juisi ya rozela. Lakini anayeichoma kwanza kwenye moto wa jiko mpaka ganda liungue, ndipo aiponde na kuichemsha, ni mtu mmoja tu ninayemjua kutoka Virginia mpaka Baltimore. Anawaficha wateja wake wa juisi. Wanamuuliza, anasema ni mkono wa bibi yake. Siri ile naijua mimi kwa sababu kule Laurel mimi ndiye nilikuwa naigeuza tangawizi kwa uma huku yeye anachambua maua.

Kwa hiyo juisi haikuisha. Ilikuwa kwenye glasi yangu.

Na chupa ya posa yangu, ile moja tu, iliyosubiri mdomo wangu, ilishanywewa. Haikunywewa yote, ilinywewa mpaka nusu au zaidi, halafu ikajazwa jikoni kwa Benadetha kwa kilichokuwepo. Ilinywewa ikiwa na bata aliyeiva ndani ya mafuta yake, na maharage meupe pembeni, kama anavyopenda mwenyewe. Labda Jumapili mchana.

Na mimi niliwaoshea vyombo vyao. Ile sahani yenye mafuta niliisugua mimi.

Mama yangu akiniaga uwanja wa ndege alinionya, kikulacho ki nguoni mwako. Nimekaa Marekani miaka yote hii napekua makoti ya wanaume.

Sikumeza.

Mashavu yamejaa, machozi nayazuia puani. Nikimeza, nimekubali. Nikitema kwenye zulia la mama mdogo, mama yangu Kibosho ataona binti yake akivunja posa ya tatu kwa mikono yake mwenyewe, na nitaeleza nini? Kwamba nimeonja tangawizi? Nani ataniamini, na ushahidi wenyewe uko mdomoni kwangu?

"Flaviana," baba mdogo akaita.

Nikatikisa kichwa, siyo ndiyo wala hapana.

"Inamkaba," Dunstan akasema haraka. "Ni nzito kwa asiyezoea. Mpeni maji."

"Asipewe kitu," baba mdogo akasema. "Ni yake, ameze mwenyewe."

Benadetha alikuwa ameacha kukunja kitenge. Mikono yake ilikuwa mapajani, imetulia kabisa. Rangi ya midomo tuliyoichagua pamoja ilikuwa imemkolea, na midomo yenyewe ilikuwa wazi kidogo. Alijua. Alijua kwamba mimi ndiye mtu pekee katika nyumba ile ambaye angeweza kujua.

Nikasimama. Watu wakapumua wakidhani naenda kumpa baba mdogo glasi. Nikampita. Nikavuka zulia, nikapiga goti mbele ya Benadetha kama nilivyopiga siku ninamwomba awe mshenga, nikamnyooshea glasi kwa mikono miwili.

"Mbona huko?" baba mdogo akauliza. "Glasi inakuja huku."

Ni mama mdogo Bilha aliyejibu. Aliweka chini sahani aliyokuwa ameshika, akajifuta mikono kwenye kanga, na sauti yake haikuwa tena na mzaha.

"Mshenga naye alileta hii kitu, si ndiyo? Basi aonje. Kwenu aliyeleta huonja."

Baba mdogo akakubali.

"Ni kweli. Mshenga aonje."

Benadetha akaipokea. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia anavyopumua. Nilimwomba kwa macho. Na sikuwa namwomba akiri. Nilitaka kitu kidogo tu: aniangalie. Anywe, ashangae, aseme "jamani mbona hii ina ladha ya juisi yangu," acheke, aniambie kuna mtu kamwibia chupa ya juisi kwenye friji. Ningemwamini. Uchungu wote ule, na bado ningemwamini.

Hakuniangalia.

Alimwangalia Dunstan, juu ya kichwa changu, moja kwa moja, kama mke anayemuuliza mumewe mbele ya wageni tuseme au tusiseme. Na Dunstan, nyuma yangu, akamwita kwa jina ambalo sijawahi kumsikia mtu akimwita.

"Bena. Usinywe."

Kwenye simu mama alikuwa anauliza, "Amemeza? Jamani, mbona mmenyamaza? Mwanangu amemeza?"

Na mdomo wangu ulikuwa bado umejaa.